Barua ya kufukuzwa nayo ina lugha yake

Mhariri,

Makala yenu ya kuwahimiza vijana wasome uzamili katika usimamizi wa rasilimali watu ili wapande vyeo niliisoma mara mbili, kwa sababu njia hiyo nimeipita. Nilianza kama karani wa mahudhurio katika ghala moja hapa Malaba, upande wa Uganda mpakani na Kenya, nikiandika nani kaingia na nani kachelewa. Kwa miaka tisa, barua zote za kuajiri na kufukuza zilichapwa na mimi. Ndipo nikasoma diploma ya uzamili mjini Mbale, Jumamosi na Jumapili, kwa mkopo wa sacco ambao naulipa hadi leo. Cheo nilipata, sikatai.

Ila kuna siku mhadhiri alitusomea Sheria ya Ajira ya 2006. Mwajiri anayetaka kumfukuza mtu kwa utovu wa nidhamu au kazi mbovu, kwanza amweleze sababu kwa lugha ambayo mfanyakazi huyo anatarajiwa kuielewa, na amruhusu aje na mtu wake wa kukaa naye. Wenzangu waliendelea kuandika. Mimi kalamu ilinigoma.

Nilimkumbuka mpakizi mmoja aliyetubebea magunia miaka saba. Sukari ilipungua stoo, bosi akaniambia chapa barua. Nikaichapa kwa Kiingereza, tena kizuri, maana Kiingereza changu nilikuwa najivunia. Mzee alipokea kwa mikono miwili, akasema, "Asante, mama," akaikunja, akaitia mfukoni. Kesho yake alfajiri alikuwa getini na ovaroli yake. Alidhani nimempa likizo siku ile moja. Aliyemsomea ni kijana wa bodaboda, hapo hapo nje, wapakizi wenzake wakisikia.

Hapa mpakani Mteso, Mjapadhola, Msamia na dereva aliyetoka Mombasa wote wanaelewana kwa Kiswahili. Hata bosi akigomba, anagomba kwa Kiswahili. Lakini katika kozi yangu nzima sikuandika hata onyo moja kwa lugha hiyo. Maneno kama "kikao cha nidhamu" nimeyaokota mwenyewe, na sijui kama wenzangu wa Busia wanayatumia hivyo hivyo. Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliamua Kiswahili kiwe somo la lazima shule za msingi na sekondari. Vyuo vinavyotufundisha kushika riziki za watu navyo viongeze somo moja tu, la muhula mmoja. Na kijana anayetaka cheo, kabla hajalipa ada, akasimame kwanza getini mwezi mmoja na daftari la mahudhurio.

Siku hizi kila kikao naandaa karatasi mbili, ya Kiingereza ya faili na ya Kiswahili ya mhusika. Bosi analalamika kwamba namaliza karatasi.

Msomaji wenu,
Malaba, Tororo