Vinasaba visomwe, lakini seli hai nazo zitazamwe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nieleze kwamba kusoma vinasaba peke yake hakutoshi kuuelewa ugonjwa wa kurithi. Katika sistiki faibrosisi, ugonjwa wa kurithi unaojaza ute mzito mapafuni, kasoro iliyoenea zaidi huondoa asidi-amino moja tu, yaani kijenzi kimoja, katika protini iitwayo CFTR, nayo protini hiyo hujikunja vibaya na kuzuiwa ndani ya seli, isifike kwenye utando inakopaswa kupitisha kloridi. Watafiti wakiiunganisha na protini ya kijani ing'aayo, iliyopatikana kwanza kwa yavuyavu na kuwapatia wanasayansi Shimomura, Chalfie na Tsien Tuzo ya Nobel ya mwaka 2008, huona kwa hadubini mahali ilipokwama seli ingali hai, na hata huona iwapo dawa fulani inaifikisha utandoni. Mwanga mkali huidhuru seli inayochunguzwa, jambo linalosahaulika mno, ndiyo maana baadhi ya hadubini za kisasa humulika tabaka jembamba tu.

Kwa kuwa wagonjwa wa selimundu, ugonjwa mwingine wa kurithi, ni wengi kwetu, vyuo vikuu vyetu vifundishe wataalamu wa hadubini hizo kabla ya kuagiza mitambo zaidi ya kusomea vinasaba.

Msomaji wako,
Dar es Salaam