Kuhusu ile trima ya kukatia maganda ya risasi uliyoniuliza

Kaka, mambo vipi, shemeji na watoto hawajambo?

Sisi huku Ohio tuko salama, baridi ndo inaanza kukaza na mimi nimeshahamishia hita gereji maana mashindano ya shabaha ya mwaka huu yameisha, sasa hivi ni kukaa na maganda tu. Ile voisi yako ya juzi nimeisikiliza mara mbili nikiwa natoka kazini, nikaona hii nikiijibu kwa meseji za vipande vipande nitakuacha njia panda, bora nikae nikuandikie barua kamili kama zamani.

Umesema una ndoo mbili za maganda ya .223 (ile saizi ya bunduki ndefu) yaliyokwishapigwa, kama elfu nne hivi, unataka yawe tayari kabla ya mwezi wa nne, na umeonyeshwa trima tatu unataka kujua ipi inakata haraka kuliko zote. Kaka, hapo kwenye kukata haraka ndo nataka tuongee, maana na mimi niliingia kwa mlango huo huo na ulinipotezea majira mawili ya baridi. Kukata kwenyewe si kazi. Trima karibu zote zikiwa na wembe mzima zinakata ganda kwa sekunde mbili tatu. Kinachokula muda ni mkono wako, yaani ganda moja unalishika mara ngapi mpaka liwe tayari kupokea risasi mpya, yaani kile kichwa kinachoruka.

Nikupe hesabu yangu mwenyewe. Trima yangu ya kwanza ilikuwa ya mkono, zile za kuzungusha mpini. Unatia ganda kwenye kishikio, unakaza, unazungusha, unalegeza, unatoa. Halafu unachukua kile kikata cha ncha unalainisha ukingo wa mdomo kwa ndani, unakigeuza unalainisha wa nje. Mara tatu unalishika ganda lile lile. Nilikuwa natumia kama sekunde 30 kwa ganda moja nikiwa sijachoka, na ukipiga elfu nne mara sekunde 30 unapata saa 33, hapo hujanywa maji wala hujapokea simu. Mwezi wa pili mwaka ule kidole gumba cha kulia kilikuwa kinauma mpaka kufungua chupa ya soda nilikuwa namuomba mke wangu. Sasa ukipata mashine inayofanya yote matatu kwa mpigo mmoja, kwa sekunde tano, elfu nne zile zile zinakuwa saa tano na nusu. Huo ndo upana wa tofauti na haumo kabisa kwenye kasi ya wembe.

Najua unajua kwanini tunakata lakini ngoja niseme hata hivyo maana ndo msingi wa uchaguzi wenyewe. Ganda likipigwa na likirudishwa saizi kwenye dai (kile kibanio cha chuma kinachorudisha ganda umbo lake), shaba inatembea kwenda mbele, shingo inarefuka. Kwa .223 mwisho ni inchi 1.760, yaani milimita 44.70, na sisi tunakata mpaka 1.750. Likipita ule mwisho mdomo unaenda kujibana pale chemba, yaani tundu la bunduki ganda linapokaa, inapoishia, risasi inakosa nafasi ya kuachiwa na presha inapanda. Na ubaya wake ni kwamba bolti (komeo la bunduki) inaweza kufunga vizuri tu usijue chochote. Ndo maana mimi siwezi kumwambia mtu hii ni kazi ya urembo, hapa uso wako uko inchi chache kutoka kwenye hiyo chemba.

Sasa kuna swali ambalo wauzaji wengi hawakuulizi, trima inapimia wapi? Zile za zamani kama Forster, na kile kikata kidogo cha Lee cha bei rahisi, zinapima kutoka kwenye kitako cha ganda. Nzuri sana, sahihi, mtu mwenye maganda hamsini ya bunduki ya kuwindia paa hana haja ya kitu kingine. Lakini karibu zote za kwenda haraka ambazo unazilisha kwa mkono, unalisukuma ganda ndani na linasimama likigusa bega, pale ganda linapoanza kuwa jembamba kuelekea shingo, kwa hiyo urefu unapimwa kutoka begani mpaka mdomoni. Maana yake nini? Maana yake ganda lazima liwe limesharudishwa saizi kwanza ndo ulikate. Ukikata ambayo hayajasaiziwa kila bega liko mahali pake, ukija kuyasaizi yanatoka urefu tofauti tofauti na kazi yote unairudia.

Na mimi lilinikuta la kufanana na hilo, bora nikuambie ili lisikukute. Trima yangu ya pili ilikuwa ya kufunga kwenye drili. Nilikuwa nimesaizi vizuri lakini sikuyaosha mafuta ya kusaizia, nikasema nitaosha mwisho. Ilikuwa usiku, nimechoka, naenda tu mwendo wa kuhesabu. Yale mafuta yakashikana na machicha ya shaba yakaganda ndani ya kishikio, pale pale bega linapokaa, kidogo kidogo kama ukoko wa wali. Kila ganda likawa linasimama mapema kidogo kuliko lililotangulia, kwa hiyo linakatwa pungufu, linabaki refu. Sikupima. Nilipima la kwanza na la pili nikaridhika. Wiki mbili baadaye nimeshajaza risasi 200 za mashindano nachukua kalipa (kipimo cha urefu) napima bila sababu yoyote, nakuta 1.763, nachukua nyingine 1.765. Nikasimamisha kila kitu. Nilikaa Jumapili nzima nazivunja zote 200 kwa nyundo ya kuvutia, ile ya kutolea risasi kwenye ganda, risasi upande huu baruti upande ule, moyo unadunda nikifikiria kwamba ningeweza kuwa nimezibeba mpaka uwanja wa mashindano wa Camp Perry na mtu amelala hatua mbili kutoka kwangu. Tangu siku hiyo naosha kabla ya kukata, na kila baada ya maganda hamsini nafuta kishikio kwa kitambaa na napima moja. Kila hamsini, hata kama mgeni amekaa sebuleni.

Basi turudi kwenye kuchagua. Za drili ziko za namna mbili na watu wanazichanganya. Ile ya Little Crow Gunworks, wanaiita World's Finest Trimmer au WFT kwa kifupi, imetengenezwa vizuri na bei yake haiumizi, ila inakata mdomo tu. Ukimaliza bado unarudi kulainisha ndani na nje, kwa hiyo mkono umerudi pale pale mara tatu, au mara mbili kama una kifaa cha pembeni cha kulainisha. Ile ya Giraud ya drili wanayoiita Tri Way ina wembe mmoja wa kabaidi (madini magumu sana) wenye pembe tatu, unakata urefu, unalainisha ndani, unalainisha nje, vyote kwa mpigo mmoja. Kwa mtu ambaye mfuko umebana mimi hiyo ndo ningemwambia anunue leo. Ila usishike drili mkononi kaka, ifunge kwenye meza vizuri itulie halafu wewe peleka ganda. Ukishika drili mkono mmoja na ganda mkono mwingine baada ya mia mbili mikono inatetemeka na midomo inatoka upande.

Halafu kuna ile kubwa ya Giraud ya mezani yenye mota yake, ndo ninayotumia sasa huu mwaka wa nne. Bei ni mamia kadhaa ya dola na ilibidi nijibane kidogo, ila sijawahi kuijutia hata siku moja. Wembe ni ule ule wa pembe tatu. Unachukua ganda kwa vidole viwili, unalisukuma ndani, kwanza unasikia linaguna, krrrr, wembe unakula shaba, halafu mlio unalainika unakuwa kama mluzi, hapo limefika begani halikatwi tena, unalizungusha kidogo mkononi ili mdomo ukae sawa mzunguko wote, unatoa. Mdomo unatoka unang'aa kama pete mpya. Mkono wa kushoto unakuwa umeshachukua linalofuata. Baada ya muda hata huangalii, sikio ndo linafanya kazi.

Ila kuiseti inataka subira. Anza ukiwa mrefu ushuke taratibu, maana ukikata fupi hairudi, tenga maganda matano sita ya kuharibu. Na wembe ukae vizuri upande wa ndani, ukiusogeza sana mdomo unakuwa mkali kama kisu na unachanika haraka. Angalia kwa kioo cha kukuzia, ubaki ukingo mwembamba bapa katikati ya vile vilaini viwili. Kitu kingine, kila saizi ya ganda ina kishikio chake, kwa hiyo ukija kuongeza .308 mbele ya safari weka na hela ya kishikio.

Ile ya tatu uliyoonyeshwa, Dillon RT 1500, ni habari nyingine kabisa. Ile inakaa juu ya presi (ile mashine ya mpini ya kujazia maganda), ina dai inayosaizi ganda na papo hapo mota ya juu inakata mdomo, wewe unavuta mpini tu na presi ikiwa na kilisha maganda juu basi mkono hauligusi ganda hata mara moja. Kwa wingi hakuna ya kushindana nayo kati ya hizo tatu. Lakini ujue mambo yake. Inataka vakyum ifungwe pale kichwani iwe inavuta machicha muda wote. Hailainishi mdomo, inaacha kingo kali, watu wengi wanayatupa kwenye tumbla (mashine ya kusafishia maganda) baadaye yalainike kidogo. Na ile dai haina kile kigololi cha kupanua shingo, kwa hiyo baadaye lazima upitishe maganda tena kwenye kitu cha kufungua shingo kabla ya kuweka risasi. Kama unapiga zile zenye mkia uliochongoka kama risasi za Sierra MatchKing za uzito wa greni 69 au 77 zitaingia bila shida, ila za kitako bapa zinakwaruzwa na mdomo mkali, utaona vijinyuzi vya shaba pale mdomoni.

Nimekujua miaka mingi na najua ukisikia mkono hauligusi ganda utataka hiyo. Lakini wewe una presi ya kituo kimoja, ya ganda moja moja. Kuipata faida yake ununue presi ya kuzunguka inayobeba maganda kadhaa kwa pamoja, kilisha maganda, vakyum, ndo trima yenyewe. Kwa mashindano ya risasi 80, zile 40 za yadi 200, 20 za 300 na 20 za 600, hata ukienda kila mwezi na mazoezi juu yake, hizo elfu nne zinakutosha na zinabaki. Kwa hiyo kwako mimi nasema Giraud ya mezani, na kama mwezi huu haiwezekani basi Tri Way kwenye drili iliyofungwa. Siku ukifika elfu kumi na tano kwa mwaka tutaongea tena habari ya Dillon.

Ile ndoo ya maganda ya bastola ya 9mm uliyosema utaikata pia, iache. Ganda la 9mm linakaa kwenye chemba kwa mdomo wake, ukilifupisha unaliharibu, na lenyewe wala halirefuki kama haya ya shingo.

Na zile zenye alama LC kitakoni, za kiwanda cha Lake City, nyingi praima zake (kile kiwashio kidogo cha kitakoni) zilibanwa kiwandani, zitoe ule mbano kwanza la sivyo praima mpya itakataa kuingia. Ukiwa unachambua pia, ganda lenye mstari mng'avu juu kidogo ya kitako tupa, usilikate, hilo linataka kukatika lenyewe ndani ya bunduki. Chukua waya wa kibanio cha karatasi ukunje ncha, upitishe ndani, ukikwama kwenye kijimfereji ndo hilo.

Miwani uvae kaka. Yale machicha ni madogo kuliko mchanga na yanaruka. Na watoto wasicheze chini ya ile meza, ukimaliza osha mikono kwa sabuni kabla hujamshika yule mdogo.

Kabla hujalipa popote nitumie maganda ishirini kwenye bahasha yenye povu, yawe yamesaiziwa na dai yako na kuoshwa, praima zimeshatolewa. Nitayakata kwenye yangu nikurudishie wiki hiyo hiyo. Yapime yote ishirini kwa kalipa yako uone yanatofautiana sehemu ngapi za elfu za inchi, halafu jaribu kuweka risasi tano usikie zinavyoingia. Ukishasikia hilo nipigie, nikiwa gereji simu naiweka spika.

Msalimie shemeji sana, mwambie ule mchele tuliupata na umeisha.

Nduguyo