Ukungu ule ni salfa

Ndugu Mhariri,

Nina banda la video hapa Mikindani, mabenchi sita na feni moja. Wateja wangu wanapenda ngumi, na zile picha za kutafsiriwa ambazo mtafsiri anaongea kuliko waigizaji. Kwa hiyo kijana mmoja anayesomea filamu chuoni aliponiletea flashi wakati wa likizo, akaomba nimwekee kazi yake ya dakika kumi na moja kabla ya picha ya saa mbili usiku, nilikubali kwa sababu tu namheshimu mama yake.

Ndani ya picha yake hakuna anayesema neno. Mtoto wa miaka kama saba anaamshwa alfajiri, anatoka nje, na shamba la mikorosho halionekani; kote ni manjano hafifu. Mti unajitokeza, unapotea. Mara ngalawa hii hapa katikati ya shamba, tanga juu, na bibi yake amekaa ndani anabangua korosho. Anamwekea moja kiganjani, basi.

Banda likanyamaza. Kisha mzee mmoja benchi la nyuma akasema, "Salfa hiyo!" Watu wakacheka, maana ni kweli. Nikamkumbuka baba akitutoa kitandani mwezi wa saba, umande ungali kwenye majani na upepo haujaamka, kwani salfa ya unga hupulizwa saa hizo ili ishike, ubwiri unga, ule ugonjwa wa mikorosho, usile maua. Bomba linanguruma mgongoni kwake, sisi tunakimbilia ndani ya lile wingu tukijiona tunaruka, macho yanawasha hadi mchana. Sikuwahi kuwaza kwamba kuna mtu angeirudisha ile alfajiri ukutani kwangu.

Kasoro ipo: mwishoni kaweka kinanda cha kuliza watu. Angeuacha ule mngurumo wa bomba.

Kurasa zenu za burudani zinatueleza kila wiki nani kaachana na nani. Hebu mtumeni mwandishi aje aitazame hii. Kijana anasema huko anakosoma aliambiwa haina kisa. Amesharudi chuoni, flashi kaniachia, nami nimeionyesha mara nne. Juzi alikuja mtoto na shilingi mia mbili mkononi, nikamwambia ngumi zinaanza jioni.

"Sitaki ngumi," akasema. "Nataka ile ya ngalawa."

Mwenye banda,
Mikindani, Mtwara