Barua kwa Mpwa Wangu Anayetafuta Dansi Dar es Salaam

Mpwa wangu mpendwa,

Salamu nyingi, zaidi ya zile za simu. Juzi uliniuliza klabu ipi ni nzuri hapa mjini, nami nikakujibu kwa mkato kwamba inategemea, kwa sababu nilikuwa ndani ya daladala nimesimama kwa mguu mmoja na konda alikuwa ananidai nauli. Jibu hilo lilikuwa la kivivu. Nimeona nikujibu kwa maandishi, tena hadharani, kwa kuwa vijana wengi wanaohamia Dar es Salaam kikazi huuliza swali hilo hilo, na wengi wao hujibiwa na matangazo.

Kosa dogo limo ndani ya swali lenyewe. Umeuliza habari za jengo, ilhali katika jiji hili jengo ni mwenyeji tu, na muziki ni mgeni anayepita. Bendi zetu zimeishi kwa ratiba ya wiki tangu enzi za wazazi wetu: leo ziko Ilala, kesho Temeke, Ijumaa Kinondoni, na Jumapili alasiri hupiga bonanza mahali ambapo watoto wanakula chipsi pembeni huku mama zao wakicheza. Ukumbi unaofurika Jumamosi kwa sababu ya bendi fulani unaweza kuwa na watu kumi na wawili siku ya Alhamisi, wote wakitazama mpira kwenye televisheni. Ndiyo maana mtu anayekutajia ukumbi bila kukutajia siku hajakusaidia kitu. Uliza nani anapiga, lini, na kama waimbaji wake wakuu watakuwepo jukwaani. Jengo utalijua baada ya hapo.

Kwa kuwa umekulia mbali na mambo haya, nitaanza na wazee. Dar es Salaam ina bendi mbili ambazo mashabiki wake wametaniana kwa zaidi ya miaka 40, kama Simba na Yanga. Ya kwanza ni Msondo Ngoma, iliyoanzishwa mwaka 1964 kwa jina la NUTA Jazz chini ya chama cha wafanyakazi. Kila chama kilipobadilika, bendi nayo ilibadilisha jina, ikawa Juwata Jazz, kisha OTTU Jazz, mpaka ikabaki na jina ambalo mashabiki walikuwa wakiliita siku zote. Ya pili ni Mlimani Park Orchestra, iliyozaliwa mwaka 1978 na kuchukuliwa na Shirika la Maendeleo Dar es Salaam, yaani DDC, mwaka 1983, ambayo sisi tunaiita Sikinde kwa kufuata ngoma ya Wazaramo. Marehemu Muhidin Gurumo, ambaye sauti yake bado inawaliza watu wazima, aliimba pande zote mbili kwa nyakati tofauti, na hadi leo ukitaka kuanzisha ubishi kwenye meza ya wazee, uliza tu ni upande upi alioimba vizuri zaidi. Mimi ni wa Sikinde. Baba yako ni wa Msondo, na tumekubaliana kutolizungumza jambo hilo kwenye misiba.

Usiku wa bendi kama hizi una mpangilio wake, na asiyeujua huondoka akidhani ameibiwa. Ukifika saa tatu utakuta mafundi wanahangaika na nyaya, na waimbaji chipukizi wanapasha moto kwa nyimbo za kukopi. Hapo agiza soda au supu, utulie. Wakubwa hupanda jukwaani baadaye, na muziki wenyewe hukolea kuanzia saa tano. Nyimbo za dansi letu ni ndefu, nyingi huchukua dakika saba, nane au zaidi, na zina sehemu mbili: mwanzo wa taratibu, ambapo waimbaji hupokezana kisa cha ndoa, deni, ulevi au mama mkwe, na watu hukumbatiana wakicheza kama wanaopiga pasi sakafu kwa viatu, kisha magitaa hubadilisha mwendo, tarumbeta na saksafoni huingia, maneno hupungua, na hiyo ndiyo tunayoiita chemko. Wageni wengi huinuka chemko inapoanza na kukaa inapoisha. Wenyeji huinuka mwanzoni kabisa, kwa sababu kisa ndicho kilichowaleta.

Mwaka fulani nilimwona mzee mmoja pale Kariakoo, amevaa suruali ya kitambaa yenye mkunjo uliosimama wima na viatu vyeupe, akicheza na mkewe ambaye alikuwa ameushika mkoba kwapani muda wote bila kuuweka mezani. Hawakuzunguka eneo lililozidi vigae vinne. Wakati wa chemko vijana waliwazunguka wakiruka, wao wakaendelea na hatua zao zile zile, ila mabega yakaanza kujibu tumba. Wimbo ulipokwisha mzee alitoa leso, akampa mkewe kwanza. Nakueleza hili kwa sababu ukiingia ukumbini ukakosa watu wa aina hiyo kabisa, ukakuta vijana watupu wanaoshika simu juu kurekodi, ujue bendi iliyopo haina watu wake, na huenda ni wiki ya pili tu tangu ipewe siku hiyo.

Kuna kizazi kilichofuata, chenye kasi zaidi. African Stars, tunaoiita Twanga Pepeta, na FM Academia, wazee wa Ngwasuma, waliutawala mji mwanzoni mwa miaka ya 2000 kwa sebene la Kikongo, yaani ile sehemu ya kasi inayoongozwa na magitaa, marapa wanaochombeza katikati ya wimbo, na wanenguaji ambao kwa kweli baadhi ya watu walilipa kiingilio kwa ajili yao tu. Mango Garden pale Kinondoni ilikuwa ngome ya Twanga kwa miaka mingi. Undugu huu na Kongo si wa jana: Orchestra Maquis walihamia hapa kutoka Zaire mwanzoni mwa miaka ya 1970, wakatufundisha kuvaa na kupiga solo kwa wakati mmoja. Kwenye muziki wa aina hii usishangae ukisikia majina ya watu na maduka yao yakitajwa katikati ya wimbo. Hao ni mapedeshee, wametunza jukwaa ili watajwe, na ndio sehemu ya mshahara wa wanamuziki. Lakini yakizidi majina ukakosa wimbo, hamia meza ya mbali au uondoke bila kuona aibu.

Sasa nikupe kisa changu, ili usije ukarudia kosa langu. Miaka kadhaa iliyopita niliona bango kubwa barabarani la bendi ninayoipenda, likiwa na picha za waimbaji wote, tarehe na kiingilio. Nikamchukua shangazi yako, tukapanda bajaji, tukalipa mlangoni. Jukwaani kulikuwa na meza, kompyuta ndogo na kijana mmoja mwenye kofia. Tulipouliza tukaambiwa bendi iko njiani. Saa sita ikawa bado iko njiani. Saa nane tukajua kwamba bendi haikuwa imeambiwa lolote na bango lilikuwa la mwezi uliopita, tarehe imebandikwa karatasi juu. Pesa haikurudi. Ukumbi huo siutaji, kwa kuwa wenye nao wamebadilika, lakini tangu siku hiyo sijawahi kulipa mlangoni kabla ya kusikia drams zikigongwa ndani. Mlinzi akikukatalia usichungulie, hilo nalo ni jibu. Na kabla ya kutoka nyumbani, mpigie mtu aliyeko huko: hata kumbi zenyewe huweza kufungwa ghafla, kwani NEMC, yaani baraza la taifa la mazingira, imekuwa ikizifungia baa na kumbi kwa sababu ya kelele, na tangazo la mtandaoni halifutiki ukumbi unapofungwa.

Najua rafiki zako wa kazini watataka kukupeleka Masaki, kwenye klabu za wenye fedha. Nenda. Nimekwenda mara mbili, na sikuchukia. Muziki huko ni wa madijei, bongo fleva na amapiano ya Afrika Kusini, yenye mapigo yapatayo 110 hadi 115 kwa dakika, mwendo ambao hata magoti yangu yanauweza. Kinachonichosha ni meza. Mahali pengi pa aina ile, eneo la kuchezea limemezwa na meza za wanaonunua chupa nzima, na asiyenunua husimama kwenye korido akisukumwa na wahudumu wanaopita na fataki za mezani. Kabla ya kupachagua mahali kama hapo, uliza jambo moja tu: kuna nafasi ya kucheza bila kukodi meza? Wakisita kujibu, umeshajibiwa.

Singeli ni habari nyingine kabisa, na mimi kwa umri wangu ni mtazamaji. Imezaliwa Uswahilini, Manzese, Tandale na Mburahati, na mapigo yake huvuka 200 kwa dakika, mengine yakakaribia 300. Lebo ya Nyege Nyege ya Kampala ilipotoa santuri ya studio ya Sisso mwaka 2017, Wazungu wakaanza kuicheza kwenye matamasha ya Ulaya kabla baadhi ya watu wa Oysterbay, mtaa wa wenye nazo hapa hapa mjini, hawajaisikia. Singeli halisi iko mtaani, mbele ya spika zilizopangwa barabarani kwa ajili ya sherehe ya mtu. Usiende peke yako, wala usiende bila mwenyeji wa mtaa huo. Taarabu ya kisasa nitakuachia shangazi yako akueleze, maana mipasho inahitaji mkalimani, na mimi niliwahi kumtunza mwimbaji kwa furaha kumbe beti lilikuwa linanisema.

Limebaki jambo ambalo mama yako angetaka nilitaje, nami nalitaja kwa sababu ni la kweli. Ukiingia mahali popote, kabla ya kukaa, tazama wanawake waliokuja bila wanaume. Kama wapo, wameketi wametulia, wanainuka kucheza wenyewe kwa wenyewe na kurudi wakakuta viti vyao na vinywaji vyao kama walivyoviacha, baki. Kama kila mmoja amesimamiwa na mtu anayemvuta mkono, geuka. Kinywaji chako kifunguliwe mbele yako, na ukikiacha usikirudie. Usafiri wa kurudi upange mchana, kwa dereva unayemfahamu, kwa sababu kumpigania bodaboda saa tisa usiku pamoja na watu mia moja waliolewa ni namna mbaya ya kumaliza usiku uliokuwa mzuri.

Mwisho wa mwezi huu, siku ya Ijumaa, Sikinde wakiwa na onyesho nitakupigia mchana ule ule baada ya kuhakikisha kwa mdomo wa mpiga besi mwenyewe. Shangazi yako atakuwepo. Njoo na viatu vyenye soli inayoteleza kidogo, maana vile vya mpira vinashika sakafu, na usimwambie baba yako mpaka Jumamosi.

Mjomba wako