Watoto waonyeshwe kwa nini alama inageuka kwa mabano

Mhariri, mimi nafunza watoto wa JSS (sekondari ya chini) tuisheni hapa Kondele, Kisumu, na kitu inaniumiza roho sana ni venye wanafungua mabano yakiwa na alama ya kutoa mbele. Wape 7x – (2x – 5) warahisishe, wengi watakuandikia 5x – 5. Mainasi wameipeleka kwa 2x peke yake, ile 5 wakaiacha na alama yake ya zamani. Jibu ni 5x + 5.

Silaumu watoto hata kidogo. Tunawaimbisha "mainasi na mainasi ni plasi" halafu tunapita, sasa mtoto anatembea na huo wimbo kila mahali, akikutana na –3 – 5 anaandika 8, na ametii tu venye aliambiwa juu hakuna mtu alimweleza kwamba hiyo ni sheria ya kuzidisha. Pale jibu ni –8.

Mimi nawaanzisha na soko ya Kibuye. Una 1000, omena ni ya 300, mama akupunguzie 50, unabaki na ngapi? Wote wanaitikia 750. Sasa iandike: 1000 – (300 – 50). Ukitoa 300 yote umetoa kuliko ile ulilipa, kwa hivyo hiyo 50 lazima irudi kwako, inakuwa 1000 – 300 + 50. Mwenye hageuzi alama anapata 650, yaani mama amempunguzia 50 na yeye akamwongezea 50 juu ya bei! Hapo wanaelewa, na hawasahau haraka.

Pia wafunzwe kujihakikishia wenyewe. Kwa 4 – 3(x – 2) kuna wale hukimbilia 4 – 3 kwanza wakapata x – 2, na hiyo 3 ni ya kuzidisha mabano. Mwambie aweke 2 mahali pa x: mabano yanakuwa 0, swali linabaki 4, jibu lake linatoa 0, ajue kuna pahali ameteleza. Jibu la kweli, 10 – 3x, linatoa 4. (Ajaribu na namba ingine pia, moja inaweza kukubali kwa bahati.)

Walimu wenzangu mtasema silabasi ni ndefu na najua ni ndefu, lakini kazi ya kuhakikisha ni mistari miwili tu, naomba tuanze kuipatia maksi yake kwa mitihani yetu ya shule, mtoto wa hapa hufanya kile kiko na maksi.

Mwalimu wa tuisheni,
Kondele, Kisumu