Asante, mzee wa baiskeli ya Mikindani

Mzee wangu, sikukuuliza jina, basi nakushukuru mbele za watu. Nilikuwa barazani nakunja bomba la shaba liwe mizunguko ya kupashia maji ya kuoga. Lilikuwa limebonyea mara mbili, pesa inateketea. Ukashuka kwenye baiskeli. Ukalipasha moto hadi likawa jekundu hafifu, ukalitosa majini. Nilidhani litakuwa gumu kama chuma, kumbe shaba hulainika! Ukachekecha mchanga, ukaukausha kwenye kikaango cha mke wangu (bado nasemwa), ukaujaza bombani ukiligongagonga mpaka ukashikana, ukaziba ncha kwa vigingi. Tukalizungusha polepole kwenye kinu kilichopinduliwa: mizunguko saba, hakuna palipobonyea. Pesa ulikataa, ukachukua korosho tu. Pita tena, maji ya moto yapo.