Nimeisugua senti kumi ya babu kwa ndimu: je, bado ina thamani?

Mhariri,

Naomba ushauri wa wasomaji wanaoifahamu biashara ya sarafu za kale, kwa kuwa jambo hili limekwisha kuleta maneno ndani ya familia yetu.

Babu yetu mzaa mama, aliyekuwa fundi wa reli, alifariki mwaka jana na kuacha kopo la maziwa ya unga lililojaa sarafu, nalo nikakabidhiwa mimi kwa kuwa ndiye niliyemuuguza hapa Magomeni. Ndani yake mna shilingi za simba, thumuni, peni chache za Uingereza, na sarafu mbili za Kijerumani za heller 20, za mwaka 1916, zenye herufi T. Hizo mbili habari zake tulizipata kwa babu mwenyewe: zilipigwa Tabora, katika karakana ya reli, wakati wa vita, Wajerumani walipokuwa wamezibiwa njia ya bahari na Waingereza. Alijivunia karakana ile kana kwamba na yeye alikuwamo.

Sarafu inayonisumbua ni senti kumi ya Afrika Mashariki ya mwaka 1936, ile yenye tundu katikati na pembe mbili za ndovu, iliyoandikwa jina la Mfalme Edward VIII. Najua kwamba mfalme huyo aliacha ufalme mwezi Desemba mwaka huohuo kabla hajavikwa taji, na wengi hudhani kwa sababu hiyo kila senti yenye jina lake ni mali. Lakini zilipigwa nyingi, na hata ndani ya kopo letu zimo nane. Iliyo tofauti ni moja tu, ambayo tundu lake limekaa pembeni hata likamega sehemu ya mchoro wa taji. Nimeambiwa kwamba kosa la namna hiyo likitokea kiwandani, wakusanyaji hulilipia zaidi. Hofu yangu ni kwamba huenda babu mwenyewe, kwa ufundi wake, alilipanua tundu hilo kwa tupa ili aitumie sarafu kama washa ya nati, na ikiwa ndivyo, basi ni sarafu iliyoharibiwa tu.

Kisha nikaongeza kosa langu. Kabla ya kuipiga picha niliisugua kwa ndimu na majivu, kama tunavyosugua sufuria, ikang'aa mno. Baadaye ndipo nikaelezwa kwamba wakusanyaji huitaka sarafu na rangi yake ya uzee, na kwamba iliyosuguliwa hushuka bei. Ndugu zangu sijawaambia.

Picha ile imewafikia watu wawili. Mmoja, mfanyabiashara wa Kariakoo, anataka kununua kopo zima kwa kilo, kwa bei isiyopishana sana na ya shaba chakavu, na mdogo wangu wa kiume anataka tukubali ili kila mtu apate chake. Wa pili ni dalali tuliyeonana naye kwa simu tu, anayetaja mamilioni ya shilingi na kunitolea mfano wa senti ya Marekani ya mwaka 1955 ambayo maandishi yake yalijirudia, na wa peni ya Uingereza ya mwaka 1933, iliyo adimu sana. Mifano yake ni ya kweli, ila sioni inavyohusiana na tundu la sarafu yangu. Tena anataka kwanza nimtumie shilingi 300,000 za kile anachokiita ada ya uthibitisho, na nilipomwomba azikate katika bei ya mauzo, alikasirika.

Kwa hiyo nauliza: ninawezaje kutambua kama tundu hili ni la kiwandani au la tupa? Sumaku nimeijaribu na haikuinasa, lakini hilo linaonyesha tu kwamba si chuma, halithibitishi tundu. Je, ukingo wa ndani ukitazamwa kwa kioo cha kukuzia, alama za tupa huonekana hata baada ya miaka mingi? Je, heller za Tabora, ambazo bahati nzuri sikuzigusa, niziuze peke yake au pamoja na kopo? Na hao ndugu zangu, niwaeleze habari ya ndimu kabla ya kikao cha mirathi mwezi ujao, au nisubiri mjuzi aseme kwanza hasara ni kiasi gani?

Wenu msomaji,
Magomeni, Dar es Salaam